Fomu iliyomtoa Anti D. kwenye orodha: uchambuzi wa kisa kutoka jamii ya Waanglo-India

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinatoka katika mji mmoja wa reli mashariki mwa India, kwenye tawi dogo la chama cha Waanglo-India ambako nilipangiwa mafunzo ya vitendo nilipokuwa nasomea ustawi wa jamii. Mji nimeuficha. Herufi za majina, umri, viwango vya fedha na kazi za baadhi ya watu nimebadilisha. Mfuatano wa matukio na hoja zilizotolewa vikaoni nimeviacha kama vilivyokuwa. Nawaandikia wenzangu wanaoendesha mifuko ya misaada ya jumuiya, iwe ya dhehebu, ya ukoo au ya watu waliotoka mji mmoja. Swali lililoivuruga kamati ya tawi lile huibuka popote tunaposaidia "watu wetu": nani ni wetu, na ni nani aliyepewa kazi ya kuamua?

Usuli

Waanglo-India ni jamii iliyotokana na wanaume wa Ulaya na wanawake wa India, kizazi juu ya kizazi. Wengi ni Wakristo, nyumbani huzungumza Kiingereza, na bibi zao bado huvaa gauni mahali ambapo jirani zao huvaa sari. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, iliyotawala sehemu za India wakati huo, iliwatumia, kisha ikawaogopa. Mwaka 1786 yatima wao mjini Calcutta walizuiwa kwenda kusoma Uingereza. Mwaka 1791 walifungiwa milango ya uofisa. Mwaka 1795 wakaachiwa jeshini kazi za kupuliza zumari, kupiga ngoma na kuhudumia kwato za farasi. Baada ya maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza upepo ukageuka, kwani serikali ya kikoloni ilitaka watu wa kuwaamini kwenye mitambo yake. Reli, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1853, ikawa ajira ya ukoo: baba dereva wa treni, mtoto fundi wa karakana, mjukuu mkaguzi wa tiketi. Kharagpur, Jamalpur, Jhansi, Asansol, kila penye karakana kubwa palikuwa na nyumba za reli, shule, kanisa, na klabu yenye sakafu ya mbao ya kuchezea dansi. Mji wetu ni wa aina hiyo.

Katiba ya India, ibara ya 366(2), inasema Mwanglo-India ni mtu ambaye baba yake, au babu yeyote wa kuumeni, ana asili ya Ulaya, na ambaye amezaliwa India kwa wazazi wenye makazi ya kudumu huko. Lugha ya Kiingereza haikutajwa, wala Ukristo, wala Uingereza yenyewe. Mreno au Mholanzi wa miaka mia tatu iliyopita anatosha, alimradi mlolongo unapitia kwa wanaume. Maneno hayo yalirithiwa kutoka sheria ya kikoloni ya mwaka 1935, na yalikuwa na kazi mahususi ya kuamua nani apate kilichotengwa. Ibara ya 336 iliwahifadhia nafasi za kazi katika reli, forodha, posta na telegrafu, zikipungua kwa asilimia 10 kila miaka miwili, na kukoma kabisa baada ya miaka 10. Ibara ya 331 ilimruhusu Rais kuteua hadi wabunge wawili wa jamii hiyo. Aliyevipigania vipengele hivi katika Bunge la Katiba ni Frank Anthony, kiongozi wa chama chao cha kitaifa kwa miongo mingi.

Nafasi za kazi zikaisha. Familia nyingi zikaondoka, Uingereza kwanza, kisha Australia na Kanada. Viti vya bunge navyo vilifutwa na marekebisho ya 104 ya Katiba, yaliyoanza kutumika Januari 2020. Katika mjadala wa Desemba 2019 serikali ilisoma hesabu ya sensa ya 2011: Waanglo-India 296 nchi nzima. Nilipofika, namba hiyo bado ilikuwa mzaha wa klabuni. Mzee mmoja aliniambia kwamba amezika zaidi ya hao yeye peke yake.

Tawi lilikuwa na mfuko wa wazee. Kila mwezi liligawa posho ya rupia 2,000 kwa mtu, na Krismasi kapu la chakula. Fedha karibu zote zilitoka kwa watu wa mji huo walioko Perth, Melbourne na kusini mwa Uingereza. Orodha ya wapokeaji iliandikwa zamani na mhazini aliyekwisha kufariki, kwa kigezo kisichoandikwa popote: alikuwa akiwajua.

Anti D., kama watoto na watu wazima wote walivyomwita, alikuwa na miaka sabini na kitu. Hakuwahi kuolewa. Alifanya kazi ya ukatibu muhtasi katika kampuni binafsi iliyofungwa bila kuacha pensheni, na aliishi chumba cha kupanga nje kidogo ya nyumba za reli. Kwa miaka mingi ndiye aliyepiga piano klabuni usiku wa dansi na kanisani Jumapili. Jina lake la ukoo ni la Kiskoti. Hilo jina ni la mama yake.

Yaliyotokea

Mambo yalianza na barua ya kistaarabu kabisa. Kundi moja la wafadhili lilisikia kwamba kuna wapokeaji "wasio wa jamii" na wengine wenye watoto matajiri ng'ambo, likaomba orodha ihakikiwe. Mwenyekiti, Anko P., mkaguzi mstaafu wa reli, aliitisha kikao. Kamati ikaamua kila mpokeaji ajaze fomu yenye jina la baba, la babu mzaa baba, na uthibitisho wa asili ya Ulaya. Cheti cha ubatizo kilitajwa kama mfano. Muda uliotolewa ulikuwa hadi mwisho wa mwezi uliofuata.

Kwa watu wenye ndugu ng'ambo haikuwa kazi. Nakala za madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko ya makanisa ya India ya kikoloni zimehifadhiwa British Library, London, na mpwa aliyeko Uingereza anaweza kuzitafuta. Wazee wasio na mtu ndio walioteseka. Bibi mmoja alileta picha ya babu yake amevaa kofia ya jua ya kizungu akidhani itatosha. Mwingine alileta barua ya padri isiyosema lolote ila kwamba yeye ni muumini mwema.

Anti D. hakuleta kitu. Siku ya mwisho ilipopita, jina lake likawekwa kwenye safu ya "wasiothibitisha" na posho ikasimamishwa. Hakulalamika. Aliacha kuja klabuni kwenye tombola ya Ijumaa, kisha akaacha kupiga piano kanisani kwa madai ya maumivu ya vidole. Katika jamii ambayo nusu ya maisha yake iko klabuni, kutokuja ni habari kubwa. Lakini kila aliyeuliza alijibiwa "vidole", na vidole vya mtu wa umri ule havihitaji maelezo zaidi.

Aliyegundua ukweli hakuwa wa jamii. Ni mke wa fundi cherehani, Mwislamu, jirani wa mlango wa pili, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akimpelekea bakuli la dali (mchuzi wa dengu) jioni. Anti D. alianguka bafuni. Hospitalini ikajulikana kwamba alikuwa akizigawa nusu tembe zake za shinikizo la damu ili zifike mwisho wa mwezi. Jirani alimtafuta katibu wa tawi, mwalimu kijana ninayemwita S., akamwambia kwa kifupi: "Dada, mzee wenu yuko hospitali na hana mtu wa kulipa."

S. alikwenda siku hiyo hiyo. Cheti cha ubatizo kilikuwepo muda wote, kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Kilionyesha kwamba baba yake alikuwa Mhindi Mkristo wa Kitamil, mchochea moto kwenye injini za mvuke, aliyefariki D. akiwa mchanga. Mama alirudi kwa wazazi wake katika nyumba za reli, na mtoto akalelewa kwa jina la upande huo. Wazee wa rika lake walilijua hilo. Walikuwa wameamua, bila kuambiana, kulisahau.

"Mwanangu," alimwambia S., "fomu iliniuliza baba yangu ni nani. Sikutaka kumkana, na sikutaka kusema."

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kulipa hospitali, ulichukua simu moja. S. na mhazini walitoa fedha za dharura kisha wakaomba idhini. Anko P. aliwaambia utaratibu umekiukwa, na hapo hapo akaongeza mchango wake mfukoni. Natamani msomaji amwelewe mtu huyu. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa ameona kwa miaka mingi vyeti vya uanachama vikiombwa na watu wasio na uhusiano wowote na jamii, kwa sababu cheti kilileta punguzo la ada katika baadhi ya shule, na enzi za nyuma kazi ya reli. Hofu yake ilikuwa kwamba chama kisicho na mpaka humezwa, halafu wafadhili wakakimbia na wazee wote wakakosa.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu, na kwa sehemu kubwa hakikumzungumzia Anti D. kabisa. Kilizungumzia mlolongo mrefu wa nasaba. Mjumbe mmoja alisema sheria ni sheria, na Katiba imetaja kuumeni. Mwingine, ambaye jina lake la ukoo ni la Kireno, alikumbusha kwamba utotoni yeye na ndugu zake waliitwa Wagoa, yaani watu wa Goa, koloni la zamani la Wareno, kwa dharau na watoto wenye majina ya Kiingereza, ingawa kwa ibara hiyo hiyo walikuwa ndani sawasawa. Mwanamke mmoja mzee ndiye aliyehamisha mjadala. Aliuliza: katika fomu zote zilizokusanywa, ni ngapi zimemtaja mwanamke wa kwanza, yule wa India? Hakuna. Wengi hawakuwa hata na jina lake, maana madaftari mengi ya kale yalimwandika kwa jina la ubatizo tu au yakamwacha.

Baada ya hapo S. aliweka mezani pendekezo ambalo tulikuwa tumeliandaa pamoja. Lilitenganisha vitu viwili vilivyokuwa vimechanganywa. Uanachama wa kupiga kura na vyeti vya chama vingebaki kwa maana ya Katiba. Mfuko wa wazee ungekuwa na kanuni zake: kwanza hali ya mtu, yaani kodi ya nyumba, dawa, kipato na watoto wanaoweza kusaidia, kisha uhusiano na jamii, unaothibitishwa na wazee wawili waliomfahamu, kwa kukeni au kuumeni, kwa ndoa au kwa malezi. Atakayekataliwa angekata rufaa kwa watu wawili wasio wajumbe wa kamati.

Kwa nini si kubadili maana ya uanachama kabisa? S. alitaka hivyo. Mimi nilimshauri asubiri, na sababu ilikuwa ya kimkakati: pambano la nasaba lingekula mwaka mzima, na dawa hazisubiri. Pendekezo lilipita kwa tofauti ndogo ya kura. Anko P. hakuunga mkono wala hakupinga. Aliomba tu kwamba barua kwa wafadhili iandikwe wazi, isije ikaonekana kamati imewaficha.

Matokeo

Anti D. alirudishwa, na posho za miezi iliyosimamishwa zikalipwa. Hata hivyo alikataa kuja kupanga foleni klabuni kama zamani. Tawi lilifungua hesabu kwenye duka la dawa karibu na kwake, likilipa moja kwa moja, na muda si mrefu wazee wengine wakaomba utaratibu huo huo. Kanisani alirejea. Klabuni hakurudi hadi naondoka.

Kigezo cha hali ya mtu kiliwatoa wapokeaji kadhaa wenye karatasi safi na watoto wanaojiweza ng'ambo. Familia moja ilijitoa chamani kwa hasira, na mfadhili mmoja akasitisha mchango akisema fedha zake zilikuwa kwa ajili ya Waanglo-India "halisi". Wengine waliendelea. Wawili waliandika kwamba mama zao wenyewe wasingepita kwenye fomu ile.

Jambo moja dogo lilibadilika ambalo halikuwa kwenye ajenda. Katika kuwahoji wazee upya tuliwauliza pia kapu la Krismasi linawafaa nini. Kwa miaka kapu lilikuwa mchele, dali na mafuta. Karibu wote walisema vitu hivyo wanavipata kwa bei nafuu kwenye duka la mgao la serikali. Walichotaka ni keki ya matunda na kul-kul, vipande vya unga wa ngano vilivyoviringwa, kukaangwa na kupakwa sukari, ambavyo mtu wa Mombasa angeviita visheti bila kuuliza. Kul-kul hutengenezwa na nyumba nzima ikikaa mezani, na hawa hawakuwa tena na nyumba nzima. Mjumbe mmoja alisema wazee wanahitaji vidonge, si vitamutamu. Mwishowe wanawake wa tawi walikusanyika jikoni klabuni, wazee wakaletwa kukaa mezani kuviringa unga, na mchana wakala wali wa manjano na mchuzi wa kofta. Gharama haikuzidi ya kapu la zamani.

Uchambuzi

Kosa la msingi la fomu, kwa maoni yangu, ni kukopa kipimo cha kazi nyingine. Ibara ya 366(2) ilitungwa kugawa nafasi za kazi na viti, vitu vyenye idadi na ushindani, mahali ambapo dola ilihitaji mstari unaoweza kuthibitishwa mahakamani. Kazi zilikwisha zamani na viti vimefutwa. Kilichobaki ni mstari wenyewe, na kamati ndogo ya wastaafu ikajikuta ikiulinda kwa posho ya rupia 2,000. Ndiyo maana mjadala ulikuwa mkali kuliko fedha zilizokuwepo. Serikali ilipoacha kuwatengea kazi na viti, orodha ya wazee ikawa moja ya sehemu chache ambako bado mtu anaweza kuambiwa rasmi kwamba yeye ni Mwanglo-India. Ukimtoa mtu humo humnyimi posho tu. Anti D. alikula dali ya jirani bila aibu kubwa, lakini piano aliiacha.

Mstari wa kuumeni una kejeli yake ya ndani. Jamii nzima ilizaliwa na wanawake wa India, kisha mtoto wa mama Mwanglo-India na baba Mhindi akatangazwa mgeni. Sisemi kamati ingeweza kurekebisha historia hiyo. Nasema ilikuwa na uhuru wa kutoitumia kugawa dawa, na haikujua kama ina uhuru huo hadi mtu alipoanguka bafuni.

Utaratibu nao ulikuwa na makosa yake ya kawaida. Fomu iliuliza asili kabla ya hali, kwa hiyo kamati ilijua mababu wa watu wote na haikujua dawa za mtu hata mmoja. Mzigo wa ushahidi uliwaangukia wenye uwezo mdogo zaidi wa kuutafuta. Baya kuliko yote, ukimya ulisomwa kama jibu. Mtu asiyerudisha fomu ya msaada anaweza kuwa amekufa, haoni vizuri, amehama, au anaona aibu, na hakuna hata moja kati ya hayo linalothibitisha kwamba hastahili. Ziara moja ya nyumbani kabla ya kusimamisha posho ingemaliza jambo. Ziara ilifanyika baadaye, na ndiyo iliyofanya kazi kuliko kifungu chochote tulichoandika.

Ushahidi wa wazee wawili ulikosolewa kuwa mlango wa upendeleo, na ukosoaji huo una haki. Wazee hupendelea marafiki, na mtu aliyegombana na nusu ya mji hatapata mashahidi. Rufaa kwa watu wa nje ya kamati inapunguza hatari, haiiondoi. Bado ninauona ni bora kuliko cheti, kwa sababu unauliza kile ambacho mfuko unataka kukijua, yaani kama mtu huyu ameishi maisha yake miongoni mwetu.

Kilichofanya mageuzi yashike, kuliko hoja zetu, ni barua ya Anko P. kwa wafadhili. Tungeweza kumrudisha Anti D. kimyakimya, kama wazee wa rika lake walivyomkubali kimyakimya. Lakini ukimya huo ndio uliomwacha bila kinga siku fomu ilipokuja. Mfuko ulipoteza mchango mmoja, ukapata kanuni inayoweza kusomwa na yeyote.

Kuna sehemu ambayo kanuni mpya haikufika. Miezi michache baadaye mjukuu wa marehemu kaka yake Anti D. aliombewa cheti cha chama ili apate punguzo la ada shuleni. Anko P. alikataa kusaini, na nadhani alikuwa sahihi: cheti kile kinasomwa na shule kwa maana ya Katiba, na kukitoa nje ya maana hiyo ni kudanganya. Ada ikatafutwa kwenye mfuko, chini ya kifungu cha hali ya mtu. Anti D. alilipokea hilo vibaya kuliko kuondolewa kwake mwenyewe. Alimwambia S. kwamba yeye alipata mashahidi kwa kuwa amezeeka nao, na mtoto wa miaka sita hana rika la kumshuhudia. S. aliandika swali hilo kwenye kumbukumbu za kikao, na lilikuwa ajenda ya pili ya mkutano mkuu uliofuata, mafunzo yangu yalipokuwa yamekwisha.